Mgeni wa Kumi na Tano

Meneja aliponiita ofisini kuniaga, alikuwa ameshaweka saa ya ukutani juu ya meza, imefungwa karatasi ya maua. Nilijua ni saa kwa sababu ilikuwa inalia humo humo ndani ya karatasi. Miaka kumi na sita nimewapikia wageni wa katamarani yao, chombo cha tanga cha kutembeza watalii. Kila siku ya safari naamka kabla ya adhana ya alfajiri, napika pilau, pweza wa nazi na chapati, natia kwenye hotipoti, napeleka mpaka pwani ya Shangani, namkabidhi nahodha, kisha narudi zangu Jang'ombe. Sasa kampuni imefungua jiko lake kule Mbweni, na mimi naambiwa ahsante.

"Bi Amne, zawadi yako hii," akasema Bwana Hasan, meneja mwenyewe.

"Saa ninayo," nikamwambia. "Mie nnataka kiti."

"Kiti gani?"

"Kiti cha mgeni. Safari moja. Niandikwe jina kama wanavyoandikwa wao, nipande chombo, nende kisiwani Bawe, niingie majini, niwatazame hao samaki mnaowatangaza. Kisha ndio tuagane."

Akacheka. Nikamwacha amalize, maana kicheko cha mtu huwa sikiingilii. Alipoona siinuki, akafungua orodha ya Jumamosi akaniandika wa mwisho, wa kumi na tano. Saa yake nikamwachia pale pale mezani.

Mtu asidhani ni kichaa cha uzeeni. Mimi ni mtoto wa kisiwani Tumbatu. Kuogelea nilikujua kabla ya kujua kusoma, na mpaka nafika miaka kumi na mbili nilikuwa nawapita wavulana na kuwasubiri mbele niwacheke. Kisha mama akaniambia nimeshakuwa mwari, basi tena. Nikawekwa ndani, nikaolewa mjini, nikazaa, nikawa mjane, na bahari nikawa naiona kwa kuipita tu. Miaka arobaini na mbili hiyo. Na kumi na sita ya mwisho nilikuwa nafika mpaka ukingoni pake na hotipoti mikononi, maji yananigusa vifundo vya miguu, halafu nageuka. Saa saba mchana nikirudi kufuata hotipoti, nawakuta wageni nyuso zimewaka, wanaelezana kwa mikono waliyoyaona chini. Nilikuwa nawaonea wivu. Nasema wazi, wivu.

Kaka yangu Ubwa anakaa mtaa mwengine, lakini habari zangu humfika kabla hazijanifika mwenyewe. Alhamisi baada ya magharibi akaja, akasimama mlangoni na bakora yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nnasikia unakwenda kuoga na Wazungu."

"Kuoga nshaoga. Nnakwenda kuogelea."

"Mwanamke mzima wewe, mjane, ukakae chombo kimoja na watu wa chupi! Watu watasemaje?"

"Hao watu wa chupi ndio waliokula pilau yangu miaka yote hii, kaka. Na ukoko wake ulikuwa unakuja kuula wewe, hapo hapo ulipo. Hukuuliza chupi ya nani."

Akagonga bakora chini. "Nnakukataza, Amne. Ukenda, mlangoni kwangu usije."

Hapo neno lile liliniuma, nisijisifu bure. Ubwa ndiye ndugu pekee niliyebakiwa naye. Lakini niliwaza: nimeolewa nikaambiwa niolewe, nimekaa ndani nikaambiwa nikae, nimezika mume nikaambiwa nisilie kwa sauti. Leo nina miaka hamsini na nne, bado kuna mtu wa kunikataza maji?

"Haya, kaka," nikasema. "Na wewe ukishikwa na njaa, kwangu usije."

Akaondoka bila kunywa chai. Ubwa haachi chai ila akiwa amekasirika kweli.

Jirani yangu Shahida, fundi cherehani, alinishonea nguo ya stara ya kuogelea: suruali, kanzu fupi ya magotini, na kofia ya kubana kichwa. Jumamosi saa tatu kasorobo nikashuka pwani ya Shangani nimeivaa, na buibui juu yake. Nahodha ni Himid, mtoto wa jirani zangu, nimemjua tangu anatambaa. Aliponiona akakimbilia mikono yangu anipokee hotipoti, akaikuta mitupu.

"Shikamoo, Bi Amne. Kwani leo chakula hakijatoka Mbweni?"

"Marahaba. Leo mie mgeni. Tazama orodha yako."

Akaitoa mfukoni, akaisoma kwa kidole mpaka chini kabisa. "Ee! Kumbe kweli. Karibu, Bi Amne. Kuna kivuli kizuri pale karibu na jiko, utakaa upate upepo."

Nikakaa mbele, juu ya wavu uliotandikwa kati ya mitumbwi miwili inayobeba chombo, walipokaa wageni wengine kumi na wanne. Maji yakipita chini yangu nayaona. Tanga likapandishwa, likajaa, injini ikazimwa, na Mji Mkongwe ukaanza kurudi nyuma na mapaa yake ya mabati. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikavua buibui, nikalikunja, nikalikalia.

Tukatia nanga Bawe, upande wa mwamba. Himid akaeleza kwa Kiingereza, kisha akanigeukia na kunifupishia kwa Kiswahili: saa moja ya kuogelea, filimbi ikilia turudi, baada ya hapo tunakwenda kula kwenye fungu la mchanga ambalo maji yakitoka huonekana na yakijaa hufunikwa. Wageni wakavaa miwani na mirija, wakajitupa mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni. Miwani nimeshaivaa shingoni. Imebaki hatua moja nishike ngazi.

Hapo ndipo Jecha, mpishi mpya, alipoanza kumenya nanasi.

Jecha ni mtu mzima, hodari wa mikate, sina neno naye. Lakini nanasi alikuwa analichonga kama anachonga mpini. Nusu ya tunda inakwenda kwenye ndoo ya taka, na macho ya ganda yamebaki yamejaa. Nikatazama ngazi. Nikatazama nanasi. Nikasema moyoni, nimwoneshe moja tu, kisha nishuke.

"Lete kisu," nikamwambia.

Nikamwonesha moja. La pili nikalimenya mwenyewe kwa sababu lilikuwa limeiva zaidi. Kisha yakaja maembe, na embe akilikata mtu asiyejua, kokwa linatoka na nyama yake yote. Kisha tikiti. Kisha sinia lilikuwa limepangwa ovyo, na mimi sinia ovyo silioni nikalipita. Mwanamke mmoja mwenye kofia pana alipanda kupumzika, akaninyooshea glasi tupu. Nikaipokea! Nikamjazia maji ya machungwa, na tabasamu juu. Mwengine akaomba taulo kwa ishara, nikampa taulo. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililifuata mwenyewe hata saa moja haijatimia.

Filimbi ikalia.

"Wanaitwa wapi?" nikamuuliza Jecha.

"Wanarudi, Bi Amne. Saa imekwisha."

Nikajitazama. Maji ya embe yamenichuruzika mpaka viwikoni. Miwani imening'inia shingoni, mikavu. Wageni wanapanda ngazi wanacheka, wanatikisa vichwa, wanaelezana kwa mikono, kama siku zote, na mimi nimesimama na sinia, kama siku zote.

Hasira niliyoipata haikuwa ya Himid wala ya Jecha. Hakuna aliyeniamrisha. Mvunja nchi ni mwananchi, na aliyeniuza siku ile ni mkono wangu huu wa kulia, uliozoea kisu mpaka ukasahau kama una mwenyewe. Nililiweka sinia chini kwa kishindo, maembe mawili yakaruka.

Himid alikuwa ameshashika mnyororo wa nanga.

"Himid, nanga usiing'oe."

"Naam, Bi Amne?"

"Mie sijaingia majini."

Akashangaa. "Si nilikuona umejipumzikia kivulini?"

"Nilikuwa nnafanya kazi za watu. Sasa nshamaliza. Nnashuka."

Akanisogelea, akateremsha sauti ili wageni wasisikie, ingawa hata wangesikia wasingefahamu. "Bi Amne, nnakuomba. Nikichelewa hapa fungu litafunikwa, wageni watakosa pa kulia chakula. Watalalamika, na Bwana Hasan ataniandama mie. Siku nyengine nitakuchukua, wallahi."

"Siku nyengine kwa kiti gani? Pilau yenu inapikwa Mbweni. Kesho mie nikija hapa pwani nitakuja kama nani?"

Akaugeukia mnyororo wa nanga.

"Jina langu limo kwenye karatasi iliyomo mfukoni mwako. Hebu niambie, hao kumi na nne walipokuwa majini, chombo kiliwangoja au hakikuwangoja?"

"Kiliwangoja."

"Basi na mie kitaningoja."

Mwanamke wa kofia pana akauliza kitu. Mzee mmoja mwekundu kifuani akaonesha saa yake ya mkononi. Wote sasa walikuwa wananitazama, mama mnene wa Kiswahili na nguo yake nyeusi na mikono ya maembe. Zamani ningeinamisha uso. Nikawatazama mmoja mmoja mpaka wao wakatazama pembeni.

"Sasa niwaambie nini wageni?" Himid akaniuliza, amechoka.

"Waambie mgeni mmoja bado yumo majini."

"Lakini wewe humo majini, Bi Amne."

"Basi usiseme upesi," nikamwambia, nikashika ngazi.

"Jaketi! Vaa jaketi la kuelea basi, jamani!"

"Lete." Ukaidi wangu haujafika kujiua. Nikalivaa, nikajifunga, nikaachia ngazi.

Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyoyaacha. Yakaniingia puani, nikakohoa, nikazungushwa na wimbi dogo, nikamsikia Himid juu anaita, "Bi Amne! Nakuja!" Na kwa kweli kwa muda wa pumzi tatu nne niliogopa. Miguu ilipiga kila mmoja kwa akili yake. Nikawaza, Ubwa akisikia nimezama mita mbili kutoka kwenye ngazi, atafurahi huku analia.

"Niache!" nikapiga kelele. "Najua!"

Na nilijua. Mguu wa kulia ukakumbuka kwanza, wa kushoto ukaufuata. Mikono ikafunguka. Nikavuta miwani, nikauma mrija, nikainamisha uso.

Nilifikiri nitawaona samaki kwa majina ya jikoni. Ndivyo nilivyowajua: changu wa kukaanga, chewa wa mchuzi, puju wa kuchomwa, kitatange asiye na nyama ya kumshibisha mtoto. Wote walikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyenijali. Changu akapita mbele ya uso wangu kama mtu anayewahi sokoni. Vitatange wawili wakafukuzana wakizunguka jiwe. Pono alikuwa anatafuna mwamba, na nilimsikia, naapa nilimsikia, kru kru kru, kama mtu anayekula mahindi ya kuchoma. Sisi tunasema usingizi wa pono. Yule alikuwa macho kuliko mtaa mzima wa Jang'ombe. Miaka kumi na sita nimewatoa magamba hawa watu, na sikupata kujua hata siku moja wanashinda wakifanya nini.

Nikalia. Kulia ndani ya miwani hakufai, maana machozi hayana pa kwenda na kioo kinapata ukungu. Nikainua kichwa, nikaivua, nikaisuuza kwa maji ya bahari, nikaivaa tena. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekasirika na nina furaha kwa wakati mmoja. Nilikasirikia miaka arobaini na mbili, na kila mtu aliyenambia basi tena, na mimi mwenyewe niliyeitikia.

Filimbi ikalia.

Nikainua mkono juu, wajue nimesikia. Kisha nikapiga miguu kwenda mbele zaidi, mwamba unapoinama na maji yanapokuwa ya buluu nzito. Pono wakaongezeka, kundi zima, wanatafuna. Nikakaa juu yao, nimejilaza, sishiki kitu, simbebei mtu kitu.

Filimbi ikalia tena, ndefu. Nikasikia na sauti ya Himid, ya mbali, inaniita Bi Amne kwa adabu zote alizofundishwa kwao. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wageni, wanauliza. Fungu lao la mchanga huko lilikuwa limeanza kufunikwa.

Nikainua mkono mara ya pili, nikaurudisha uso majini.

Wakaningoja.