Zungumza Nao Ukiwa Barabarani

Mama mwenzangu mwenye kijana wa kiume nyumbani, kaa usikie. Wanajeshi wa siku hizi hawapigani kama tulivyosimuliwa zamani, jeshi huku, jeshi kule, mizinga katikati. Adui wao haonekani. Anavaa shati kama la mwanao na kuchota maji bomba lile lile. Kwa hiyo vita vyao ni vya macho. Wanapita mtaani kwa miguu, kila mmoja mbali na mwenzake, na wakati wewe unaangalia bunduki, wao wanaangalia viatu vilivyo mlangoni kwako, ukubwa wa sufuria yako, na kamba yako ya nguo.

Kamba ndiyo iliyotuletea balaa.

Mume wangu alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa figo. Nguo zake sikuzigawa. Mara moja moja nilizifua nikazianika, maana nguo ikikaa sandukuni inashika uvundo na kuliwa na mende. Sasa mwanangu, fundi wa baiskeli ambaye mtaa mzima unamwita Spoku, ni mrefu kama mlingoti. Baba yake alikuwa mfupi, tumbo mbele. Na juu ya paa la mashine ya kusaga alikaa sajenti mmoja na darubini yake. Katika hesabu zake nyumba yetu ilikuwa na mwanamume mmoja. Kwenye kamba akaona wawili, mrefu na mfupi. Akajiambia, huyu mfupi amefichwa.

Walikuja asubuhi, chai iko motoni. Hawakupiga kelele. Mmoja alisimama mlangoni, wawili wakaingia, mwingine akazunguka uani. Sajenti akamwekea Spoku suruali ya marehemu kiunoni. Ilimfika magotini.

"Hii ya nani?"

"Ya baba."

"Baba yuko wapi?"

"Makaburini."

"Na huko anafuliwa nguo?"

Mwenzake akacheka. Mwanangu anatengeneza breki za watu, lakini mdomo wake hauna breki. Akajibu, "Kama una swali naye, afande, nitakuonyesha njia ya kumfuata."

Kicheko kikakatika hapo hapo. Walimfunga mikono kwa kamba ya plastiki wakaenda naye kambini, kwenye lile ghala la zamani la saruji ambalo getini wamepanga magunia ya mchanga.

Majirani wakajaa kwangu. "Nenda kamwone kapteni," walisema. "Ni mtu mpole yule. Akina mama anawakaribisha chai."

Hiyo chai ndiyo niliyoiogopa. Muuza maziwa wa mtaa wa nyuma aliitwa ndani akainywa. Alikwenda kuuliza habari za mdogo wake, basi. Lakini watu wa porini, hao wanaowindwa na jeshi, nao wana macho. Hawakuuliza alisema nini. Waliuliza alikaa ndani muda gani. Nyumba yake waliichoma, imebaki kuta, na mwenyewe hatujui alipo. Sijui kama kapteni anawaandalia watu chai ile kwa wema au kwa hila. Kwa mama haina tofauti. Ukishaonekana umechagua upande, huna tena pa kukimbilia ila huko huko.

Nikafunga kitenge kiunoni. Mwanangu nitamtoa, na magunia yale sitayavuka.

Kibanda cha kinyozi kinatazamana na geti la kambi. Kinyozi mwenyewe alikuwa rafiki wa marehemu. Watu wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Nilimkuta na mteja, povu tele kidevuni.

"Shemeji, wewe ulimbeba mume wangu kwenda kaburini. Twende ukaseme."

"Shemeji, nina watoto."

"Na mimi ninaye mmoja."

Akainamisha kichwa akaendelea kunyoa. Redio alikuwa amezimika. Sikumlaumu, nikavuka barabara peke yangu.

Getini alikuwepo koplo. "Mama, ingia. Kapteni anakusubiri."

"Aje hapa."

"Kapteni haitwi barabarani, mama yangu."

"Basi nitangoja. Nauza mkaa mimi, biashara yangu haiozi."

Jua likapanda. Koplo akaleta kiti, akakiweka kivulini, hatua chache ndani ya magunia. "Kaa upumzike, mama. Utaanguka."

"Kiti kizuri. Kilete huku."

Akacheka, akageuka kutazama nyuma yake, na kiti kikabaki pale pale. Miguu iliwaka moto, kichwa kikagonga, lakini sikukaa.

Mwishowe kapteni akatoka. Kijana safi, sauti ya chini kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Alisema chini hivyo ili nimsogelee. Mimi nikarudi nyuma, nikapaza sauti kama nafukuza mbuzi shambani.

"Sikusikii, kapteni!"

"Mama, mbona kelele? Mambo ya familia huzungumzwa ndani."

"Yangu mmeyasoma kwenye kamba, hadharani. Tuyamalize hadharani!"

Madukani watu wakasimama. Kapteni akawatazama, kisha akanitazama mimi. "Vizuri. Nani hapa anajua kwamba mumeo amekufa?"

Kimya. Hata cherehani zilinyamaza. Mama, hicho kimya sikuombei.

Kisha mlango wa kibanda ukapigwa teke. Redio akatoka, wembe mkononi, mteja wake nyuma amenyolewa upande mmoja.

"Mimi! Nilibeba jeneza upande wa kichwa, na yule mzee alikuwa mzito, bega linaniuma hadi leo!"

Mtu akacheka. Dada mmoja aliyekuwa akichota maji bombani akadakia, "Na mimi nilipika msibani, masufuria yangu mengine sijarudishiwa!"

"Hiyo suruali niliishona mimi," akapayuka fundi cherehani. "Nitajieni mwingine mwenye tumbo lile!"

Sauti zikaongezeka, sikujua tena ni ya nani na nani. Na hapo ndipo nataka unielewe vizuri. Mmoja akisema, ni msaliti. Mtaa mzima ukisema, watamchoma nani?

Kapteni alikuwa anapiga hesabu, nilimwona usoni. Akimng'ang'ania Spoku, siku ile anaupoteza mtaa. Akamwambia koplo jambo, na baada ya muda mwanangu akatoka, mdomo umevimba, anachechemea. Mkononi ana kopo la mafuta ya kupikia walilompa.

"Pole kwa usumbufu, mama," kapteni akasema. "Gari letu litawafikisha."

Nilimgeukia mwanangu. "Rudisha hilo kopo."

"Mama, ni lita tano!"

"Rudisha."

Akaliweka juu ya magunia, taratibu, kama anaaga mchumba. "Na gari je? Mguu unauma kweli, mama."

"Utachechemea. Fungua viganja waone."

"Nani waone?"

"Wote."

Tukashika katikati ya barabara, polepole, yeye analalamika njia nzima, mimi nimemshika kiwiko, na mikono yake mitupu iko mbele ya macho ya kila mtu.