Ugonjwa wa Kurithi

Karani wa dirisha la tatu, ofisi ya pasipoti, alifuta kioo cha mashine kwa pamba yenye spiriti, akamwambia aweke kidole tena. Bi Shuka akaweka dole gumba. Taa nyekundu. Akaweka kidole cha shahada. Taa nyekundu. Vidole vyote kumi vilipita pale mara tatu, na kila mara karani alichukua pamba mpya na kuitupa ile ya zamani kwa ncha za kucha, kana kwamba ameiokota chooni.

"Mama, wewe huna vidole," alisema hatimaye.

Watu wa foleni wakacheka. Bi Shuka naye akacheka kidogo, kwa adabu, huku akiitazama mikono yake. Vidole vilikuwepo. Vimevimba, vyeupe kwenye ncha, laini kama sabuni iliyolala majini. Mistari ndiyo haikuwepo.

Jina la Bi Shuka alilipata hospitalini, alikofua shuka kwa miaka thelathini na moja. Mashine ya kufulia iliharibika mwaka wake wa tano kazini, na tangu siku hiyo kila kitu kilipita mikononi mwake: damu ya wodi ya wazazi, usaha wa wodi ya majeruhi, kinyesi cha wagonjwa wasiojiweza. Vyote vililowekwa kwenye dawa ya kung'arishia iliyochoma mpaka ndani ya pua, na yeye akazamisha mikono hadi viwiko.

Zilibaki wiki sita astaafu. Binti yake, aliyekuwa ughaibuni akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, alikwisha kumwandalia chumba na kumtumia orodha ya mambo ya kushughulikia mapema: pasipoti, cheti cha polisi, pensheni ihamishiwe benki inayoweza kutuma pesa nje. Bi Shuka aliifuata orodha kama mgonjwa anavyofuata dozi. Alikwisha kumwarifu mwenye nyumba kuwa anahama, kitanda amekiuza, analalia godoro sakafuni. Sasa kila kilichobaki kilidai alama za vidole.

Karani alimweleza kuwa njia ipo: mwajiri aandike barua, aeleze vidole vilifutikaje.

Afisa utumishi wa hospitali alimsikiliza huku akimenya yai la kuchemsha, maganda akiyatupa juu ya faili la Bi Shuka. Aliomba aandikiwe ukweli tu, kwamba ni dawa ya kufulia. Afisa akatafuna, akatikisa kichwa, akavuta daftari la stoo. Kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, mbele ya jina la Bi Shuka iliandikwa: glavu nzito, jozi nne. Pembeni, alama ya dole gumba lake kwa wino. Kwenye kurasa za zamani mistari ilionekana yote. Kwenye za katikati ilikuwa imefifia. Za karibuni zilikuwa na doa jeusi tupu.

"Glavu hizi sijawahi kuziona, bosi. Mtunza stoo alikuwa ananiambia nibonyeze, eti ni utaratibu."

"Kwa hiyo ulikuwa unathibitisha uongo kila mwezi?" Kiini cha yai kilikuwa kimemganda kwenye pembe ya mdomo. "Mama, mimi nataka kukusaidia. Nikiandika ni dawa, watakuja wakaguzi. Wakija, wa kwanza kuulizwa ni mwenye dole. Kiinua mgongo chako kitakaa kwenye uchunguzi mpaka uzikwe."

Barua afisa aliiandika mwenyewe. Ilisema mtumishi huyu ana ugonjwa wa ngozi wa kurithi, aliozaliwa nao, usiohusiana kwa vyovyote na kazi. Alimsomea mbio mbio, kama mtu aliyebanwa na haja, akagonga mhuri. Bi Shuka hakulipenda lile neno kurithi. Marehemu mama yake alikuwa na mikono mizuri, alisuka watu nywele kwayo mpaka uzeeni. Lakini alikuwa amechoka, na barua ilifanya kazi. Wiki mbili baadaye pasipoti ikatoka, na faili la pensheni likaanza kusogea. Nakala akamtumia binti yake, aiambatishe kwenye maombi ya viza.

Wiki ya mwisho ya kazi, binti alipiga simu mchana, saa ambazo huwa hapatikani. Alieleza polepole. Mwajiri wake ndiye aliyekuwa mdhamini wa viza, kwa hiyo barua ilipita mezani kwake. Kaisoma. Kamwita ofisini, kamtaka aweke mikono juu ya meza mbele ya wenzake, kisha kamrudisha nyumbani bila mshahara, asiguse mzee yeyote hadi ijulikane kama naye anao.

"Mama, niambie. Kuna ugonjwa kwenye ukoo wetu?"

"Hakuna, mwanangu. Hakuna kabisa."

"Basi waandikie hivyo."

Bi Shuka alipanda ofisini kwa afisa na aproni yake ikiwa imelowa. Afisa hakushangaa, fomu iliyotumwa na mwajiri wa binti alikuwa nayo tayari. Swali lilikuwa moja, la kujibiwa na mgonjwa mwenyewe: je, ugonjwa uliotajwa ni wa kurithi? Visanduku viwili. Alimfafanulia bila haraka. Akitia alama kwenye hapana, basi barua ni ya uongo, na pasipoti na pensheni vimepatikana kwa uongo, na hiyo ni jinai. Akitia kwenye ndiyo, binti atapimwa, na akionekana mzima huenda wakamrudisha, wakitaka.

"Na wewe uliyeiandika?"

"Mimi niliandika ulichonieleza." Akamsogezea kalamu. "Chagua mwenyewe, mama. Hapa hatumlazimishi mtu."

Bi Shuka aliishika kalamu. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye pindo la aproni, yakilowesha zulia. Afisa akakunja pua, akainuka kufungua dirisha. Kisha akachukua gazeti la jana, akainama, akamwambia ainue mguu mmoja, halafu wa pili, akalitandaza chini yake, kama mtu anayemtandikia kuku anayehara.