Sanduku la Wakili Fotinos

Mwaka 1879 wakili Lisandros Fotinos alichaguliwa meya wa mji wetu kwa tofauti ya kura tisa. Tulipigia kura kanisani. Kila mgombea alikuwa na sanduku lake la bati lenye vyumba viwili: cheupe cha ndiyo, kulia kwa mpiga kura, na cheusi cha hapana, kushoto. Mtu aliingiza mkono kwenye bomba, akadondosha goroli ya madini ya risasi upande autakao. Vyumba vyote vilitandikwa kitambaa ili goroli isisikike.

Siku moja kabla ya uchaguzi, Fotinos alimwagiza seremala Zisis atoe kitambaa cha kushoto. Kisha akakaa nyuma ya sanduku lake, kama desturi ilivyomruhusu mgombea, akatega sikio. Stamatis, kumbare wake, yaani baba wa ubatizo wa binti yake, alipodondosha goroli, bati lililia.

Wiki iliyofuata Stamatis aliachishwa kazi ya kugawa maji ya mashamba.

“Kumbare, nimekukosea nini?”

“Jiulize.”

“Nimejiuliza. Na mke wangu ananiuliza kila siku, tena ana mwiko mkononi.”

Fotinos hakucheka.

Mwezi Novemba sanduku lilitolewa lipakwe rangi. Meya alichungulia ndani. Chumba cheusi kilikuwa na kitambaa chake. Cheupe kilikuwa bati tupu.

“Zisis, nilikwambia kushoto!”

“Si ndiyo nilitoa cha kushoto, mheshimiwa? Nilisimama nyuma, palepale unapokaa wewe.”

Meya aliandika barua ya kumrudisha Stamatis kazini, akaipeleka mwenyewe mkahawani saa sita mchana.

Stamatis aliisoma taratibu. “Kwa hiyo kosa langu limekwisha?”

“Hukuwa na kosa. Nilidhani umenipigia nyeusi.”

“Nani alikwambia?”

Wacheza karata waliweka karata mezani.

“Hakuna mtu. Nilisikia goroli.”

“Goroli itasikikaje, na kuna kitambaa?”

Fotinos alirudi hatua moja nyuma.

“Loo!” mtu akadakia kutoka meza ya nyuma. “Basi na ya kwangu uliisikia, mwanasheria? Ililia vizuri?”

Hakuna aliyecheka. Stamatis alikunja barua, akaitia mfukoni.

“Kesho nitafungua maji. Wewe nenda nyumbani, kumbare. Unanitia aibu mbele za watu.”

Meya aligeuka, akautafuta mlango kana kwamba hajawahi kuingia humo.