Chozi la Sayo

Chozi lilikuwa kubwa kuliko mlango. Lilining'inia kwenye kope ya chini ya jicho la msichana, ukutani, katika chumba cha kuonyeshea picha mjini Chofu, na Bi Hirabayashi Tomoe, mwenye miaka sabini na minne, alilitazama huku ameukumbatia mkoba wake mapajani. Lilikuwa jeupe lenye wekundu wa mbali sana, rangi ya maji yanapopita juu ya ngozi ya mtu. Rangi hiyo aliifahamu. Afadhali asingeifahamu.

"Ndilo lenyewe, Mwalimu?" aliuliza mwongozaji wa filamu, Sakakibara Ryohei, akiwa amesimama pembeni ya kiti chake kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. "Tumejaribu rangi kumi na moja. Kama silo, sema tu, tutarudia."

Tomoe akasema ndilo. Hapo hakudanganya. Watu watano waliokuwamo chumbani wakapumua kwa pamoja, na mmoja wao akafuta macho.

Ilikuwa filamu ya waigizaji wa kweli, iliyotokana na katuni ya zamani iitwayo Anga Tupu, sehemu ishirini na sita, iliyoonyeshwa miaka arobaini na miwili nyuma. Sayo ni mashine yenye umbo la msichana, aliyeachwa peke yake kuwalinda watoto wa mwisho wa binadamu, waliolala usingizi mrefu ndani ya chombo kinachoelea angani. Katika katuni ile mashine nazo hulia, ila machozi yao ni ya buluu, kama mafuta yanayozunguka mwilini mwao. Sayo analia buluu sehemu ishirini na tano nzima. Katika ya mwisho anajizima mwenyewe ili nguvu yake iwatoshe watoto, linamdondoka chozi moja tu, nalo si la buluu. Ni chozi la mtu.

Basi, ubishi wake ukawa hauishi. Vitabu viliandikwa juu ya chozi lile. Wasomi walikesha nalo. Wengi mwishowe walikubaliana kwamba pale ndipo Sayo alipogeuka kuwa binadamu, na mwongozaji wa katuni, marehemu sasa, kila alipoulizwa alikuwa akitabasamu na kunyamaza. Ryohei aliliona akiwa na miaka sita, na kwa kauli yake mwenyewe hakuwahi kupona. Filamu yake yote, saa mbili na dakika kumi, alikuwa ameijenga ili ifike kwenye chozi hilo.

Alimweleza Tomoe, aliyesimamia rangi za katuni ile, alichokusudia. Mwishoni mwa filamu, majina yanapopita, kutakuwa na mstari mmoja peke yake, kabla ya jina la mwongozaji: Rangi ya chozi, Hirabayashi Tomoe. Alitaka ridhaa yake tu. Kisha akainama mbele yake, kichwa kikashuka karibu na magoti.

Tomoe akaomba siku chache. Wakacheka kwa upole, wakasema Mwalimu ana haya. Haya! Laiti wangejua.

Siku zile katuni zilichorwa kwa mkono. Kila picha ilinakiliwa juu ya karatasi ya plastiki isiyo na rangi, kisha wapakaji wakaigeuza na kuijaza rangi kwa nyuma. Mpakaji hakuchagua rangi. Vichupa vyote vilikuwa na namba, na namba za kila picha ziliandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Namba ikisema, mkono hutii. Kuuliza kulionekana ni kupoteza muda, na juma lile la mwisho hakuna aliyekuwa na muda wa kupoteza. Mwenye kuziandika namba alikuwa Tomoe. Alikuwa hajalala siku tatu. Alikuwa ametoka kuandika namba za mtoto wa binadamu anayelia kwenye picha ya kabla, akaendelea kwenye mstari uleule, akampa Sayo chozi la yule mtoto. Ni hayo tu. Hapakuwa na falsafa yoyote. Ulikuwa usingizi.

Sehemu ile ilipoonyeshwa, na kituo cha televisheni kilipopiga simu asubuhi iliyofuata kulalamika, mkuu wa studio alifoka hadi vioo vikatetemeka, akataka kujua ni nani aliyekosea. Tomoe alikuwa na nusu saa. Akaichomoa karatasi ile kwenye jalada, akaandika nyingine kwa penseli ileile, namba sahihi, akairudisha mahali pake. Ile ya kwanza akaikunja na kuitia mkobani. Mikono haikumtetemeka hata kidogo, na jambo hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye.

Aliyepaka lile chozi alikuwa Nagasawa Fumie, binti wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa akimwita Tomoe dada na kumgawia maandazi ya mvuke kila adhuhuri. Akaitwa, akaonyeshwa karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu. Hakubisha. Alisema yeye aliona namba nyingine kabisa, tena kwa macho yake haya, lakini kwa kuwa karatasi ni hii, basi macho yake ndiyo mabovu. Akainama mpaka nywele zikamfunika uso, akamwomba radhi kila aliyekuwamo chumbani. Akamwomba radhi na Tomoe. Jumatatu yake alikuwa ameshamwaga unga, na meza yake imepewa mtu mwingine.

Tomoe alijiambia atasema upepo ukitulia. Upepo ulipotulia barua za watazamaji zikaanza kumiminika, za sifa tupu, na mkuu yuleyule akageuza kauli, akadai chozi lilipangwa tangu mwanzo. Kumrudisha Fumie kungekuwa kukiri kwamba lilikuwa kosa. Basi hakurudishwa. Tomoe akapandishwa cheo, akapata wanafunzi, akaitwa Mwalimu. Na kila mwaka mpya kadi ya Fumie ilifika kutoka mji wa Chichibu, mwandiko mdogo uliosimama wima: naendelea vizuri, dada naye ajitunze. Tomoe alizijibu zote. Arobaini na mbili.

Alikwenda Chichibu mwezi wa Juni, mvua za msimu zikinyesha bila kukatika. Alichukua treni ya asubuhi, na kasha la vitamu vya maharage lililofungwa kwa kitambaa, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno na kuyapangua.

Fumie alimpokea kwa furaha iliyomchoma. Alikuwa na miaka sitini na sita, mwembamba, mikono imechakaa kwa miaka ya kuosha vyombo katika jiko la shule. Alimkalisha mahali pa heshima, akampa chai, akamsifu kwa filamu; binti yake Chiaki alikuwa amemsomea habari zake. Halafu akavuta pakiti ya dawa iliyokuwa mezani.

"Dada, hebu nisomee hapa. Ni kimoja au viwili? Chiaki anarudi jioni."

"Miwani yako iko wapi?"

"Sina miwani. Daktari anasema macho ni mazima, ni ya msichana." Akacheka. "Mimi tu ndiye nisiyeyaamini. Si unajua mwenyewe yalivyonifanya."

Akaendelea kusimulia, kwa mzaha, kama anavyosimulia mtu kituko cha jirani. Chiaki alipokuwa mchanga alishikwa na homa kali. Fumie alisoma kibandiko cha chupa mara kumi, na kila mara akajiambia, je, kama naona visivyo? Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kwenye mvua, akagonga nyumba tatu mpaka akapata mtu wa kumsomea. Ilikuwa kijiko kimoja, vilevile alivyosoma yeye. Tangu hapo hakujisumbua tena kuyaamini macho yake. Hakuendesha gari. Chiaki alipopenda kuchora, alimkataza, asije akawa amerithi.

Tomoe akaiweka chai chini. Maneno yote aliyoyapanga ndani ya treni yakamtoroka. Akafungua mkoba, akaitoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua juu ya meza. Ilikuwa imeiva manjano, lakini penseli ilisomeka.

"Macho yako hayakuwa na kosa," alisema. "Hii ndiyo uliyoiona. Ile uliyoonyeshwa niliiandika mimi, asubuhi ile, baada ya simu."

Fumie hakuigusa. Aliinama mbele akaisoma, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Mvua ilikuwa ikipiga paa. Alipomaliza alinyoosha mkono, si kwa karatasi, bali kwa pakiti ya dawa. Akaiweka mbele ya uso wake.

"Viwili," alisoma. "Baada ya chakula." Akaigeuza, akasoma na upande wa pili, jina la dawa, jina la daktari, tarehe. Akaiweka chini polepole. Tomoe alikuwa amekwisha kupiga paji la uso sakafuni, analia kwa sauti, anaomba radhi. Alisema atamwambia Ryohei kila kitu. Jina la mwisho wa filamu litakuwa la Fumie, na kama hawataki, atakwenda magazetini.

"Inua kichwa, Bi Hirabayashi."

Hakumwita dada. Miaka arobaini na miwili hakuwahi kumwita jina hilo, na Tomoe akajua, kabla ya neno lingine kusemwa, kwamba mlango umefungwa.

"Yule kijana usimwambie," Fumie alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya adabu, kama ya mtu wa kaunta. "Yeye hana kosa. Na jina langu usiliweke. Kosa halikuwa langu, kwa nini niandikwe juu yake? Nimelibeba mpaka leo kwa sababu nilidhani ni langu."

"Basi nifanye nini?"

"Acha jina lako hapohapo. Siku filamu itakapotoka, nenda ukalisome."

Akasimama. Akalifunga upya kasha la vitamu kwa kitambaa chake, vizuri, pembe kwa pembe, akamkabidhi mgeni wake kwa mikono miwili. Katika maisha yake yote Tomoe hakuwahi kurudishiwa zawadi. Mlangoni Fumie aliinama kama desturi inavyotaka, akabaki ameinama mpaka mgeni alipopinda kona, na Tomoe, aliyegeuka mara tatu, mara zote tatu hakuuona uso wake.

Mwaka mpya kadi haikuja.

Filamu ilitoka mwezi wa Machi. Ryohei alimwalika kwenye sherehe, jukwaani, pamoja na waigizaji, naye Tomoe akasingizia maumivu ya magoti. Alikwenda siku ya pili, onyesho la saa nne asubuhi, akakata tiketi kama mtu yeyote na kuketi katikati ya safu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Sayo alipofika mwisho wake, chozi lilipojaa ukuta mzima, alisikia watu wakivuta makamasi mbele na nyuma yake. Yeye alikuwa na macho makavu.

Kisha majina yakaanza kupanda. Kwao hakuna anayeinuka kabla taa hazijawaka. Watu huketi kimya, mikono mapajani, wakisoma mpaka jina la mwisho la mtu wa mwisho, hata la dereva, kwa heshima ya kazi. Tomoe alitaka kutoka. Alikuwa na watu sita kila upande, na wote wametulia. Waigizaji wakapita, washonaji, mafundi wa taa, wapishi. Mara ukuta ukawa mweusi, ukabaki mstari mmoja.

"Ni huyu," msichana wa kando yake alimnong'oneza mwenzake, sauti imejaa machozi. "Ningempata ningemshukuru."

Mstari ulikwenda taratibu kuliko mingine, Ryohei alikuwa ameupangia hivyo. Tomoe alikunja vidole ndani ya mikono ya koti, akainua uso, akalisoma jina lake tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Taa zilikuwa bado.