Chembe Nyeusi Kwenye Chupa

Msiniambie habari ya kutii daktari. Mwanangu Weldon alikuwa amelala siku tisa bila kitu tumboni, na mimi ndiye niliyemzaa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Utumbo wake ulijisokota akiwa anachuma majani chai. Hospitalini wakampasua, wakakata kipande kilichooza, wakaunganisha. Siku ya tano pale walipounganisha pakaanza kuvuja na uchafu ukatokea kwenye kidonda. Daktari Mokaya, mtu wa Kisii mwenye sauti ya upole, akasema kumpasua tena ni kumuua, mwili umechoka. Akaweka sponji ndani ya kidonda, akafunika na plastiki, akaunganisha mpira na mashine ya kunyonya. Ile mashine ilivuta kutwa kucha, uchafu ukiingia kwenye chupa chini ya kitanda.

"Mama, mashine ikiendelea kuvuta na yeye asimeze kitu, tundu litajifunga lenyewe," akaniambia. "Limeanza kupungua. Chakula chake ni dripu tu."

Dripu! Maji kwa mtu mzima wa miaka thelathini! Mbavu zilikuwa zinahesabika, macho yameingia ndani. Kwetu mwanamke akijifungua anapewa mursik, maziwa yetu ya mgando, kijana akitoka jandoni anapewa mursik, halafu wangu anyimwe? Nikasema moyoni, hawa watu wanamuua kwa njaa.

Nyumbani nilikuwa na maziwa yaliyokomaa vizuri kwenye kibuyu nilichosugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, kama mama yangu alivyonifundisha. Nikakifunga kwenye leso, nikatembea kutoka kijijini kwetu Merigi mpaka hospitali. Saa ya kuona wagonjwa, Sista Esnah, muuguzi wa zamu, alipogeuka kuhudumia kitanda cha pili, nikammiminia Weldon kikombe. Alinitazama kidogo, halafu akanywa yote. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe.

Asubuhi nikakuta wamezunguka kitanda chake. Ndani ya chupa kulikuwa na kitu cheupe kizito kama usaha, na chembe nyeusi zinaelea. Daktari alikuwa amekunja uso.

"Hii nyeusi ni utumbo unaooza," akasema. "Weldon, umekula kitu?"

"Hapana, daktari."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Daktari akashusha pumzi. Akasema sasa hakuna njia nyingine, lazima afunguliwe tena leo hii, ingawa haamini kama atatoka huko akiwa hai. Wakaniletea karatasi ya kukubali upasuaji nitie kidole.

Mimi nilikuwa nimeshajua tangu nilipoiona ile chupa. Lakini aibu, jamani! Mimi Rodah, mwenyekiti wa akina mama kanisani, nisimame mbele ya wodi nzima niseme nimemlisha mwanangu kwa kificho? Nikajidanganya kwamba pengine daktari anaona kitu nisichokiona mimi. Nikatia kidole. Ndiyo, nilitia! Nilaumuni mkitaka.

Wakaanza kukisukuma kitanda. Kilipofika mlango wa chumba cha upasuaji, nikakimbia mbele yake. Nikajitupa chini mbele ya magurudumu.

"Msimkate! Huo ni mkaa! Ni mkaa wa kibuyu, mimi nilimpa mursik jana!"

Daktari akaagiza chupa iletwe. Akachota chembe moja, akaisugua kwenye kitambaa cheupe. Ikaacha mstari mweusi.

"Mama," akaniambia, "nilikuwa naenda kumuua mwanao, na wewe umetia kidole."

Hakupaza sauti. Heri angenichapa makofi.

"Atapona?"

"Sijui. Sasa tunaanza upya, na hana nguvu ya kuanza upya."

Nikamwinamia Weldon. Midomo yake ilikuwa imepasuka, anahema kwa shida. Hasira ikanipanda, hasira ya kumpenda.

"Wewe mtoto, kwa nini hukusema? Ungekatwa bure!"

"Nilijua nimekatazwa, mama," akasema polepole. "Lakini ulikuwa umeyabeba yale maziwa kwa miguu kutoka Merigi."

Wakamrudisha wodini, mashine ikaanza tena kuvuta, na Sista Esnah akanishika mkono akanitoa nje.