Neti ya Pili

Baada ya mjane kumzika mumewe, shemeji yake alipanda juu ya kitalu cha miche na kutandaza neti ya pili ya kivuli juu ya ile aliyoifunga marehemu.

"Shemeji, jua hili litakumaliza," alisema. "Fanya kazi kivulini."

Mjane alishukuru. Ndani ya kitalu mwanga ulififia, kukawa kama jioni mchana kutwa, na hali hiyo ilimfaa. Wateja waliofuata miche ya pilipili hoho hawakuuona uso wake vizuri, wala hawakujua waanzie wapi kumpa pole. Walichukua miche, wakaenda zao.

Alimwagilia asubuhi na jioni, kama mumewe alivyokuwa akifanya. Mkono ulishika mpira wa maji, miguu ikafuata matuta, kichwa hakikuwaza kitu. Majani yalipoanza kuwa manjano na kulegea, aliona yana kiu. Akaongeza maji.

Wifi yake alikuja siku moja kumsaidia kupakia miche. Akaung'oa mmoja. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka.

"Wifi, miche inaoza."

"Namwagilia kama alivyomwagilia kaka yako."

"Kaka alikuwa na neti moja. Mche unakunywa kwa kadiri ya mwanga unaoupata. Ukiwekwa gizani haunywi, maji yanabaki chini yanauozesha." Alichomeka kidole kwenye tuta, akakitoa kimejaa tope. "Gusa mwenyewe."

Akagusa. Tope lilikuwa la baridi. Alijua alipaswa kusikia uchungu kwa miche yote ile, ya mwisho aliyoisia mumewe. Akausubiri. Haukuja.

"Tuitoe hiyo neti," alisema.

Shemeji aliwakuta wanaivuta chini. Akashika pembe moja, akaanza kuikunja pamoja nao.

"Nilitaka usiungue," alisema.

"Najua, shemeji. Na mimi niliipenda."

Jua likaingia. Macho yalimuuma, akayafumba, akayafumbua tena. Matuta ya upande wa ukutani yalikuwa yamekwenda na maji. Ya mlangoni yangepona yakiachwa yakauke. Walifanya kazi ya kung'oa na kutupa mpaka mikono ikachoka, na hakuna aliyemtaja marehemu.

Tangu hapo alijifunza kuuliza udongo kwanza. Siku ya jua kali alimwagilia mara mbili. Siku ya mawingu mara moja tu, pengine asimwagilie kabisa.

Siku za mawingu ndizo zilizomtatiza. Jioni ilifika, mpira umeviringishwa ukutani, na yeye hana la kufanya. Alikaa kwenye kreti tupu mlangoni mwa kitalu. Mara ya kwanza alikaa tu. Mara ya pili wifi yake alimkuta pale, akavuta kreti nyingine.

"Umekula?"

Mjane alifikiri kidogo.

"Bado," alisema. "Nadhani nina njaa."