Jiwe la Hodi

Mamaangu, Bi Tamima, ana kichwa kigumu, na mie nimekirithi. Ndiyo maana mwaka ule wa tisini na sita tulikuwa tukigombana kila Ijumaa ndani ya gari langu, huku Oman, kutoka Ibra kwenda Wadi Bani Khalid, tukitafuta kijiji cha babaake. Mzee Khalifa alifia Unguja, akamwachia mwanawe maneno tu: "Ukifika kwenye jiwe refu lililosimama kando ya njia, piga hodi. Hapo ndipo kwetu."

Jiwe tulikwisha kuliona. Refu, la kale, limechongwa msalaba.

"Pita!" mama hufoka kila tukilifikia. "Babaangu na swala zake zile, apige hodi msalabani? La Wareno hilo!"

Kwake yeye msalaba ni ule wa kanisa la Mkunazini, kule Unguja, basi. Na macho yake yalikuwa yanafifia. Tukichelewa, kijiji tutakipata na yeye hakioni. Roho ilikuwa ikiniuma.

Ijumaa moja gari likachemka palepale.

"Haya, msalaba umekutaka wenyewe," nikamwambia. Akanisonya.

Akapita mwanamke na mbuzi wake, Azza jina lake. Nikamuuliza kwa Kiarabu, nani kachonga msalaba huu? Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Msalaba gani? Hiyo chapa tunayowachoma ngamia wetu, tangu mababu. Mgeni husimama hapa akaita, wanawake wapate kujistiri. Haingii mpaka ajibiwe. Huita hivi." Akaweka kiganja jiweni. "Hodi!"

Khaa! "Kumbe unajua Kiswahili?"

"Kiswahili? Neno letu hilo. Alikuja nalo Khalifa, aliporudi mara moja kututazama kutoka Zanzibar, mie sijazaliwa. Watu wakalipenda, likabaki."

Mama keshateremka. Alilipapasa jiwe, mchoro uleule aliokuwa akiukimbia, machozi yanamtiririka.

"Wallahi, nilikuwa nampita babaangu mlangoni."

"Si nilikwambia tusimame?"

"Nyamaza wewe!" Akajifuta kwa mtandio, akaita kwa sauti ya kitoto ambayo sijapata kuisikia kwake: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Halafu kutoka kwenye mitende, wanawake na watoto, ambao baadaye tuligundua hawajui Kiswahili ila maneno hayo mawili, wakajibu kwa pamoja: "Karibu!"

"Umesikia?" mama akaniuliza, utadhani mie kiziwi. "Nakaribishwa kwetu."